Nguo yangu ya arusi ilikwisha kuvaliwa na bibi wa kwanza wa fiansé wangu

Wasomaji wa ukurasa huu, nimeomba gazeti wafiche jina langu, ju hapa Bukavu tunajuana sana. Mimi ni binti wa miaka makumi mbili na ine. Nauzisha nguo za balo mu soko ya Kadutu pamoja na mama yangu, zile nguo zenye kutoka Ulaya zimekwisha kuvaliwa. Arusi yangu iko jumamosi ya kisha Noeli. Imebaki juma tatu, na mimi siwezi hata kukaa mahali pamoja. Nafunga balo, naifungua tena. Mama ananituma chumvi, narudi na sabuni.

Fiansé wangu ni fundi wa kushona. Nitamuita Fundi tu. Alifiwa na bibi yake miaka ine iliyopita, hawakuzaa mutoto. Tulijuana ju ya koti. Nilikuwa nimetupa koti moja yenye kupasuka ndani, yeye akaiokota mu matope, akaniambia, "Dada, hii haiyakufa." Kisha juma moja akapita mbele ya meza yetu ameivaa: ameondoa kola, amepunguza mikono, imekuwa abakosti kabisa, ile koti bila kola ya wakubwa wa zamani. Watu walizani imetoka Kinshasa. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku ile nilikuwa namupelekea nguo zenye kuharibika, hata zile hazikuharibika sana.

Ni mutu wa kutunza vitu. Taa yake, kiti yake, sufuria yake, vyote vilikuwa na mwenyewe mwingine mbele yake. Noeli ya mwaka jana alinishonea blauzi mu pazia ya kijani, nikaivaa ku misa, wasichana wakaniuliza niliipata wapi. Nilijisikia mwenye kupendwa. Tulipanga arusi yetu iwe vile vile: viti vya kuazima, maua ya kukata kando ya njia, na nguo yangu atashona yeye mwenyewe.

Aliileta siku ya Mungu iliyopita, kisha misa. Nyeupe, mikono ya dantele, kile kitambaa chenye matundu-matundu ya maua. Ilinikaa kama ngozi. Mama akapiga vigelegele. Jirani yetu, maman mmoja wa kwaya, akaingia kuangalia. Akashika mukono ya nguo, akaugeuza. Kisha akasema polepole, "Hii dantele naijua. Yule mwenye kuivaa, nilimuimbia siku ya arusi yake. Na siku ya maziko yake."

Nilivua nguo ile, nikashuka mbio mpaka kwa Fundi.

"Ni ya bibi yako?"

Hakukana. Aliacha mashini. "Ni yake. Nilipunguza kiuno, nikabadilisha kola."

"Ju ya nini hukuniambia?"

"Niliogopa utakataa. Kitambaa ni kizima. Aliivaa siku moja tu."

"Na mimi, Fundi? Mimi pia ni kiraka cha kuziba mahali pake?"

Alifungua mudomo, hakusema kitu. Kule kunyamaza kwake ndiko kunanitesa mpaka leo.

Nyumbani mama alitaka kuichoma. "Nguo ya maiti haiwezi kuingia mu nyumba yangu! Kama inaingia kanisani, mimi siingii." Nikaificha ndani ya balo. Kesho yake nikamudanganya kwamba naenda kutafuta wateja, nikapanda kamio ya mizigo mpaka Walungu, kwa mama ya yule marehemu, kule jirani wa kwaya alinielekeza. Sikuwahi kumuona. Nilimukuta anachuma maharagi. Nikamwambia mimi ni nani na ni nini imenileta. Nilizani atanifukuza.

Alipangusa mikono ku kitenge yake. "Ni mimi nilimukataza Fundi. Yeye alitaka tumuzike mutoto wangu nayo. Nikamwambia hapana, mutoto wangu aliipata mu balo, alifurahi nayo sana, hakupenda kitu kizuri kioze." Kisha akaniuliza, "Imekutosha?"

Nikasema, "Imenitosha, maman."

Akaniangalia toka kichwa mpaka miguu. "Mimi sina tena mutoto. Siku ya arusi naweza kuja kukuona? Nitasimama nyuma, karibu na mulango."

Wasomaji, mudomo yangu ilijibu mbele ya akili. Nilimwambia, "Ukuje, maman. Utakaa mbele."

Mama hajui kama nilifika Walungu. Fundi naye hajui. Yeye ametuma habari kwamba atashona nguo ingine, na kitambaa kipya kabisa, na kwamba siku ile alikosa maneno ju haya ilimushika. Mama amekubali hiyo mupya. Kila mutu anaona maneno yameisha. Mimi peke yangu natembea tu, napanda kilima, nashuka, watu wa soko wanauliza kama ninaumwa.

Kama navaa ile ya zamani, mama yangu atabaki nyumbani siku ya arusi ya binti yake wa pekee. Kama navaa mupya, yule maman atatoka Walungu, atakaa mbele kama nilivyomuahidi, atatafuta na macho nguo ya mutoto wake, hataiona. Na kama munataka ukweli wa moyo wangu, ni ile ile ya zamani ninataka, hata kama bado sijui Fundi aliishona akinifikiri mimi ama akimufikiri yeye.

Mungekuwa mimi, mungesimama mbele ya padri na nguo gani? Munijibu haraka, ninawaomba. Fundi amekwisha kuanza kukata kitambaa.