Majumba ya Opera Ambayo Sikuyasikiliza

Nakumbuka jioni moja ya Jumapili hapa Waithaka tulipotundika shuka jeupe kwenye ukuta wa kanisa la mabati, tukaziba madirisha kwa magunia, nami nikawasha mashine ya slaidi, ile inayomulika picha ukutani. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, mwanangu. Kazi yangu ilikuwa kuhudumu ndani ya ndege, kugawa chakula na kukusanya sinia, na kazi hiyo ilinifikisha katika miji ambayo wenzangu wa kidato cha nne waliiona kwenye ramani tu. Tukilala ugenini, wahudumu wengine walinunua viatu na redio za kuja kuuza mjini, River Road. Mimi nilinunua filamu za kamera. Nilikuwa napiga picha majumba ya opera.

Opera, kama hujawahi kuiona, ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake karibu yote huimbwa, na waimbaji hawatumii kipaza sauti. Kwa hiyo jumba lenyewe hujengwa ili libebe sauti ya mtu. Haya nakueleza leo kwa urahisi. Wakati ule nilijua sehemu ya kwanza tu.

Majumba nilikuwa nayajua kwa sura. La Paris lina sanamu za dhahabu juu ya paa na kuba la kijani. La Milan ukilitazama kwa nje unaweza kulipita ukidhani ni ofisi ya serikali, lakini ndani ni ghorofa juu ya ghorofa za vibanda vyekundu vya kukalia watazamaji. Kwenda Sydney nilitumia likizo yangu na tiketi ya wafanyakazi, nikagundua kwamba yale mapaa yanayoonekana meupe kwenye kadi za posta ni vigae vidogo vya rangi mbili, vingine vinang'aa na vingine vimefifia kama maziwa. Nilijifunza kwamba ukiinua kamera juu, jengo huonekana linalala chali, kwa hiyo nilikuwa naomba kupanda katika jengo la ng'ambo ya barabara ili mistari isimame wima. Nilifika alfajiri kabla ya watu. Mtu akitokea, nilingoja apite. Ndani niliingia na watalii wa asubuhi, nikaegemeza kamera kwenye ukingo wa roshani maana stendi za kamera zilikatazwa, nikazuia pumzi.

Onyesho lenyewe sikuwahi kuliona hata moja. Niliogopa kwamba sitaelewa, na kwamba nguo zangu zitachekwa. Mara moja tu, huko Vienna, nilipanga foleni ya tiketi za kusimama, ambazo hazikuwa ghali. Nilipokaribia dirisha nikaona nje mbingu imekuwa buluu, ile buluu ya muda mfupi baada ya jua kuzama, na taa za jumba zimewaka. Nikatoka kwenye foleni. Picha niliyoipata ni nzuri hadi leo. Ndani watu walikuwa wanaimba, nami niko ng'ambo ya barabara nahangaika na lenzi.

Basi jioni ile kanisani, kamati ya ujenzi ilikuwa mbele kabisa. Tulikuwa tumefanya harambee ya kujenga ukumbi, na Mwalimu Njoki, aliyefundisha kwaya yetu, alikuwa amechora ukumbi aliouona unafaa: wa chini kidogo, dari ya mbao, kuta zenye mbao pia. Alitaka jambo moja tu. Kila mwaka kwaya za makanisa ya upande wetu, kuanzia Riruta hadi Kinoo, zilikuwa na tamasha, na halijawahi kufanyika kwetu kwa kukosa mahali. Mwalimu alitaka lifanyike Waithaka kabla hajastaafu.

Nilipoonyesha slaidi za Paris, mwenyekiti, Mzee Kamande, akasimama hadi kivuli chake kikaingia kwenye picha.

"Kariuki, hii ndiyo tunajenga. Hii ya duara juu."

"Na hao malaika wa dhahabu tutatoa wapi?" mama mmoja akauliza.

"Si wewe uko? Utapanda kwa paa tukupake rangi."

Watu wakacheka sana. Mwalimu Njoki alicheka pia, kisha akanigeukia.

"Kariuki, ni nyumba nzuri. Lakini sauti huko ndani iko namna gani? Sisi hatuna pesa ya mitambo. Watu wangu wataimba na koo zao."

Kanisa zima lilikuwa linanitazama. Nilikuwa nimemsikia mwongoza watalii mmoja akisema maneno fulani, nikayachukua.

"Mwalimu, sauti ni safi. Mtu akinong'ona kwa jukwaa, yule wa nyuma kabisa anasikia."

"Wewe mwenyewe ulisikia?"

"Nilisikia."

"Haya. Kama ulisikia," akasema, akakunja mchoro wake akautia kwenye mkoba.

Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu. Mengine yote yaliyofuata yalitoka katika neno hilo moja. Hakuna aliyenilazimisha. Ningesema sijui, wangecheka kidogo, kisha wangeangalia ule mchoro.

Ukumbi ulijengwa na fundi Wekesa, mtu wa Bungoma aliyekuwa anaishi Riruta, fundi makini. Nilimpa picha zilizochapishwa kubwa. Akasimamisha kuba la saruji, akapiga plasta laini kama sahani, na chini tukaweka vigae vinavyong'aa. Ulikuwa ukumbi wa kupendeza. Watu walikuja kupigia hapo picha za harusi kabla hata rangi haijakauka.

Kwaya ilipoimba humo mara ya kwanza, neno lilipanda kwenye kuba, likazunguka, likashuka juu ya neno la pili. Watoto walifurahi, wakawa wanapiga makofi ili wasikie yakirudi. Mwalimu Njoki alisogeza kwaya kushoto, akaisogeza kulia, akaijaribu karibu na mlango. Tamasha lilikuwa limeshapangwa kwetu, na barua zimetumwa.

Siku yenyewe kwaya ya kwanza ya wageni ilijitahidi hadi mwisho. Ya pili ilipotezana katikati ya wimbo, sauti ya tatu ikiwa mbele na ya kwanza nyuma, wakasimama. Kiongozi wao aliomba radhi akauliza kama wanaweza kuimbia ndani ya lile kanisa la mabati. Wageni wakabeba viti wenyewe. Mwalimu Njoki alibeba chake akiwa amevaa suti aliyoishonesha kwa ajili ya siku hiyo.

Juma lililofuata kamati ilikutana. Mzee Kamande alimwita Wekesa.

"Fundi, umetuharibia. Saruji yako ina shida gani?"

"Saruji haina shida, mzee. Nilipewa picha, nikajenga picha."

"Usitujibu hivyo. Hapa hutapata kazi tena."

Nami nimekaa kimya, mwanangu, nikitazama viatu vyangu. Mwalimu Njoki ndiye aliyezungumza, na hakuzungumza na fundi.

"Kariuki, ulipokuwa unasikiliza muziki huko ng'ambo, ulikuwa umekaa wapi?"

"Sikukaa, Mwalimu."

"Ulisimama?"

"Sikuingia. Niliingia tu mchana, kupiga picha."

Mtu mmoja akacheka, akaacha. Nikaendelea kwa sababu sasa hapakuwa na pa kujificha. Nikasema nilidanganya, na kwamba fundi hana kosa. Mzee Kamande alinitukana kwa Kikuyu, matusi ambayo sitayaandika. Mwalimu alingoja amalize.

"Safari yako ijayo, kamera ibaki kwa mama yako. Lipa, uingie, ukae kama watu wengine usikilize. Ukimaliza kusikiliza, angalia ukutani kuna nini. Uje utuambie."

Nilifanya hivyo. Nilirudi Vienna, nikapanga foleni, nikaingia. Wimbo sikuuelewa lakini kila sauti ilinifikia pale nyuma. Watu walipopumzika nikatazama kuta. Zilikuwa zimejaa mbao, vitambaa vizito na vibanda vilivyoingia ndani na kutokeza nje, na watu wenyewe na makoti yao. Palipokuwa laini na patupu, pa kurudisha sauti, palikuwa padogo. Vitu hivyo vyote vilikuwa kwenye slaidi zangu. Nilivipiga picha nikidhani ni mapambo.

Niliporudi tulimwomba Wekesa radhi, naye akakubali, akapigilia mbao kwenye kuta kama mchoro wa Mwalimu ulivyosema tangu mwanzo. Kina mama wakashona mapazia mazito. Mwangwi ulipungua, lakini kuba lilibaki palepale juu, na kulibomoa hatukuweza. Kazi hiyo ilichukua muda. Tamasha lilikuwa limeshahamia Kinoo, na huko lipo hadi sasa. Mwalimu Njoki alistaafu bila kulisikia kwetu.

Aliendelea kuja kanisani kama muumini wa kawaida. Siku moja nilimuuliza kama ukumbi una nafuu.

"Una nafuu," akasema. "Lakini siku hizi kwaya wanaimba polepole. Wamezoea kungoja ukuta umalize."

Neno hilo hakulisema kwa hasira, na ndiyo maana sijalisahau.

Nasikia wewe, mwanangu, unapiga picha maghorofa ya katikati ya mji, na ya Upper Hill, na watu wengi wanazipenda kwenye simu. Nimeziona. Mistari yako imesimama wima kuliko yangu. Endelea. Ila kabla hujaondoka, ingia ndani, kaa mahali wanapokaa wenye shughuli yao, ujue nyumba hiyo inawafanyia nini. Na watu wakikusifu kwa kile unachokijua, usikubali kuwashauri kwa kile usichokijua. Ukiulizwa, sema sijui. Ni aibu ya dakika moja. Na kama umeshasema uongo, usingoje mtu kama Wekesa asimamishwe mbele ya watu ndipo ufungue mdomo, maana mimi nilingoja.

Mungu akutangulie katika safari zako zote, za karibu na za mbali. Akupe mkono usiotetemeka na sikio lenye subira. Na siku utakayokosea, akupe mtu wa kukuuliza swali la wazi bila chuki, na akupe nguvu ya kumjibu ukweli palepale, kabla mwenzako hajabeba lawama yako.