Shikamoo Iliyonikosesha Medali

Jamani, leo nimekosa medali kwa sababu ya shikamoo.

Mbio za mtaa hapa Guildford, Uingereza, kilomita tano, za kwanza tangu turuhusiwe kukusanyika tena. Baridi kali, vidole vimekufa ganzi, nimevaa sweta mbili.

Zimebaki mita mia mbili hivi. Mbele yangu wanawake watatu tu, na wa tatu anatembea.

Kumkaribia, ni Bi Zuhura! Rika la mama yangu, na hatujaonana tangu korona ianze.

Nyinyi mngempita kimya? Mimi mtoto wa Tanga nilishindwa.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto? Kazini?"

Nikapunguza mwendo, najibu moja moja huku nahema, mdomo unatoa mvuke kama birika. Nimefika kwenye habari za mume wangu, Bi Zuhura akachomoka!

Kumbe muda wote alikuwa anavuta pumzi.

Yeye wa tatu, medali shingoni. Mimi wa nne, ndizi ya kila anayemaliza mkononi.

Nimerudi nyumbani nimenuna. Sasa hivi simu imelia, ni yeye.

"Hatukumaliza, mwanangu. Mama huko Tanga hajambo?"

Nimejibu yote. Bado nimenuna.