Ukili Mweusi wa Bibi

Katika miaka ya hamsini, nyuma ya Msambweni kulikuwa na msitu mdogo ambao ardhi yake haikukauka hata kiangazi. Maji yalichuruzika yenyewe kutoka chini, yakiwa na utando wa rangi ya kutu. Palimea mikindu, mikuyu na makangaga yaliyonifika kifuani, na tope lake lilikuwa jeusi, zito, lenye harufu ya chuma. Ukindu uliochemshwa na maganda ya mkoko ukifukiwa pale siku saba, ulitoka mweusi usiochuja.

Dada yangu alikuwa anaolewa. Bibi alikuwa akimshonea mkeka wa kili, ile mishipi ya ukindu uliosukwa, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kuufukia ukindu msituni. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na uvivu wa kuwatosha watu wawili. Msitu ulikuwa mbali, na nyoka hawakukosekana. Tope ni tope, nikajiambia, nikaufukia kwenye bonde la mpunga karibu na nyumbani.

Siku ya saba niliufukua. Ulikuwa wa rangi ya majivu, umeoza, unakatika vidoleni. Harusi ilibakiza siku nne.

Nilimpelekea bibi. Aliunusa.

"Hili tope la wapi, mjukuu wangu?"

"La bondeni, bibi. Nisamehe."

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Alitoa uvunguni mkeka ambao sikupata kuuona, wenye kili pana nyeusi, akaanza kuufumua kwa ncha ya kisu.

"Mkeka wa nani huo, bibi?"

"Wangu. Wa kuzikiwa."

Nilimshika mkono. Akauondoa wangu taratibu.

"Bi harusi ana siku yake. Yangu aijuaye ni Mwenyezi Mungu. Nitungie uzi, macho yangu hayaoni tundu la sindano."

Nikautunga huku nalia. Wanasema majuto ni mjukuu. Siku ile mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi.

Mkeka wa dada ulisifiwa na kila mwanamke harusini. Kesho yake nilikwenda msituni peke yangu, nyoka au si nyoka, nikafukia ukindu wa mkeka mpya wa bibi. Ulitoka mweusi vizuri. Nikaanza kusuka, naye akinifumulisha kila nilipokosea, nami nikiona muda upo.

Asubuhi moja nilirudi kutoka kisimani nikakuta wanawake wamejaa uani, hakuna anayenitazama usoni. Bibi hakuwa ameugua hata siku moja.

Alilazwa kwenye mkeka mweupe wa jirani. Nilikuwa nimemaliza pima moja ya ukili, usiotosha hata kufunga mzigo. Niliushika mkononi mpaka wanaume waliporudi kutoka makaburini.