Nakala ya Ijumaa ya Mvua

Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa saba mchana, nikiwa nimekunywa chai tu. Nasema mapema kwa sababu najua watu wanavyopenda kusingizia jua la Kakuma. Jua lile nililizoea. Hili sijalizoea mpaka leo.

Nilikuwa natunza kompyuta za shirika dogo linalowatafutia wakimbizi ndugu waliopotezana. Kila mtoto aliyefika bila wazazi, au aliyefiwa nao kambini, alikuwa na faili yake: picha, jina la mama, nani ni ndugu wa kweli na nani si ndugu. Mtandao wetu ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo kila Ijumaa nilinakili faili zote kwenye diski, dereva akaipeleka Lodwar, na huko fundi mwenzangu, Barasa, akaziweka kwenye seva kubwa. Jioni alinipigia simu: "Bakap iko sawa, ndugu yangu." Barasa ndiye aliyenipa pa kulala nilipofika Turkana mara ya kwanza, tena ndiye aliyesimama nami siku ya harusi yangu. Ningemtilia shaka kwa lipi?

Alhamisi moja kompyuta yetu kuu ikafa kwa vumbi na joto. Siku mbaya kuliko zote, maana kesho yake asubuhi mtoto wa miaka sita, Achol, angekabidhiwa mwanamume aliyejiita amu yake, avuke naye mpaka wa Nadapal waende Sudan Kusini. Afisa wa watoto alikuwa ananingoja nithibitishe kwenye faili. Faili isipopatikana, barua ya yule mwanamume ingetosha.

Nikaingia kwenye seva ya Lodwar kwa kompyuta yangu ndogo, palepale mezani pangu. Nakala zilikuwepo, kila Ijumaa na tarehe yake, zimepangwa vizuri sana. Nikarejesha ya mwisho. Tupu. Ya kabla yake, tupu. Miezi minane ya majina yasiyo na kitu ndani. Na mimi, fundi mzima, sikuwahi hata siku moja kujaribu kufungua moja.

Nilimpigia Barasa. Akasema nisimpandishie sauti, kwamba kunakili diski kulimla nusu siku, na siku zake za Ijumaa zilikuwa na mambo mengine, basi alikuwa akiandika tarehe tu; diski zenyewe ameshazifuta.

"Lakini hata wewe hukuwahi kufungua," akasema, akakata simu.

Nililaza kichwa mezani. Niliumia, sitaficha. Ndipo nikasikia salamu ya Kiturkana, "Ejok, ustaz."

Kwenye kiti cha wageni alikuwa amekaa mwanamke mrefu, shuka la buluu limefungwa begani. Mlango sikuusikia. Alisema amefuata faili ya mtoto wake. Nikamwambia mitambo imeharibika, arudi Jumatatu.

"Jumatatu mtoto hayuko," akasema. "Angalia ile ya Ijumaa ya mvua."

Mvua kwetu ni tukio. Ijumaa ile laga, mto wetu mkavu, ilijaa maji, gari halikuvuka, nami nikaituma nakala mwenyewe kwa mtandao, kipande kwa kipande, nikaiweka kwenye seva ile ile, ndani ya folda yangu, kando kabisa na zile za Barasa. Kisha nikaisahau. Sikumwambia mtu yeyote, hata Barasa, asije akadhani simwamini.

Ilikuwepo. Ilichukua karibu saa nzima kushuka, naye amekaa tu, hajipepei, hatoki jasho. Nikafungua faili ya Achol. Mwanamke kwenye picha alikuwa yeye, na shuka lile lile. Chini yake maelezo aliyoyatoa hospitalini: mwanamume fulani, jina lile lile la aliyejiita amu, si ndugu yao, asipewe mtoto kamwe, mtoto aende kwa mama yake mdogo anayeishi Kalobeyei. Na chini zaidi, tarehe ya kifo chake.

Nilipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu. Mlinzi wa geti, anayeandika kila mgeni daftarini, aliniapia kwamba hakuna mtu aliyeingia tangu asubuhi.

Achol hakuvuka. Yuko kwa mama yake mdogo, na nasikia ameanza shule. Hilo moja linanituliza.

Mimi sikubaki kazini. Kabla sijamaliza kuandika ripoti yangu, Barasa alikuwa ameshapeleka yake: eti diski zilimfikia tupu kutoka kwangu, na kwa kuwa mimi ni rafiki yake alinifichia. Wakubwa wakamwamini. Sasa natengeneza simu Lokichar, na mtu akiniambia kitu kiko sawa, nakifungua mwenyewe kwanza. Yule mama simwogopi, angerudi leo ningempa kiti. Barasa, mzima, mwenye mke na watoto, ndiye anayeninyima usingizi.

Wewe unayetunza faili za watu, usipige simu kuuliza. Rejesha nakala moja leo, uifungue, uisome kwa macho yako. Mimi niliona aibu kumkagua rafiki. Mwanangu wa kwanza nilimpa jina lake, na kila jioni nalazimika kuliita nje aje ale.