Mlinzi wa Baiskeli za Kikundi

Miaka minane Klementina alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa pamba pale Dutwa, na miaka hiyo yote mdogo wake, Mhoja, alikaa nje ya mikutano akilinda baiskeli. Mhoja alizaliwa na akili nzito. Mtu mzima ana ndevu, lakini jambo umwambie polepole, tena urudie. Klementina subira hiyo hakuwa nayo. Alimpa fimbo, akamwambia, "Wewe ni mlinzi. Usiondoke hapa mpaka nitoke." Watu wakamsifu, eti anampenda nduguye. Kupenda gani huko. Alikuwa anaogopa kuchekwa.

Msimu uliopita bibi shamba, Wema, akaja kufundisha habari za chupa za dawa ya pamba: ukimaliza kupulizia, itoboe, usije ukatekea maji ya kunywa. Akachungulia dirishani.

"Yule kaka mbona haingii?"

"Yule? Haelewi kitu yule, atatuchelewesha bure," Klementina akasema. Wenzake wakacheka.

Wiki ya pili Mhoja akaokota chupa shambani, nzuri, ina kifuniko chake. Akatia maji, akanywa. Alipelekwa zahanati kwa pikipiki, povu mdomoni, Klementina kamshikilia kwa nyuma kama gunia. Akapona, ila mikono inamtetemeka mpaka leo, uji unamwagikia kifuani.

Wema akaja nyumbani. Akakaa chini na Mhoja, akaweka chupa tupu ya dawa na kopo la maji. Akaonyesha. Akarudia. Mara ya tatu Mhoja mwenyewe akaisukuma ile chupa mbali.

"Hii mbaya," akasema.

Klementina alikuwa kasimama mlangoni. "Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi, mama."

Maji ya ugali yaliyobandikwa Wema alipofika yalikuwa hayajachemka.

Mkutano uliofuata Klementina akaweka kiti mbele, karibu na chake, akatoka nje.

"Mhoja, njoo ukae na mimi."

"Na baiskeli?"

"Ziache."

"Dada, ulisema nisiondoke."

"Sasa nasema uje."

Mhoja akatikisa kichwa, fimbo ikimcheza mkononi. Akabembelezwa, wapi. Aliloambiwa na dada yake alikuwa amelishika.

Klementina akarudi ndani, akafungua mkutano. Kile kiti anakiweka kila mkutano. Siku hizi wengi wanakuja na pikipiki, na Mhoja analinda hizo pia.