Miaka Yote kwa Dakika Tatu

Mimi shule nilisoma miaka miwili tu, na huo wa pili nilikuwa nakwenda siku za uji. Nalisema mapema ili mtu asije akanisahihisha. Lakini wimbo ule wa miaka inayopita, unaopigwa kwenye santuri kuanzia Tororo mpaka Kisumu, maneno yake ya Kiswahili niliyatia mimi. Nilianza na baiskeli ya kukodi, nikabeba samaki wa watu, nikapata lori langu mwenyewe ningali na meno yote kinywani. Mtu wa namna hiyo hashindwi na wimbo.

Mwenye wimbo hasa alikuwa mkulima wa pamba wa Petta, mpigaji wa kinubi ambacho watu wake wanakiita tongoli. Kila msimu pamba yake nilikuwa naipeleka mimi kiwandani Tororo, na kila msimu tulitaniana mpaka wapakiaji wakaacha kazi wakacheka. Yeye aliniita Bwana Lori, au akiwa amechangamka, Mswahili, kwa kuwa sisi watu wa mjini tunaoswali, kwake sote ni Waswahili, hata kama babu zetu walitoka pande saba za dunia. Mimi nilimwita Mkwe, ingawa hakuwahi kunioza mtu.

Wimbo wake aliuimba matangani. Kwao mwaka ulikuwa hauna namba, ulikuwa na jambo lake: mwaka reli ilipofika, mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, mwaka vijana walipokwenda vitani. Kila mwaka ulikuwa na ubeti wake, na ndani ya kila ubeti mliimbwa mtu mmoja aliyezikwa mwaka huo, kwa jina lake. Akianza watu wakisha kula mchana, jua linashuka naye hajamaliza. Wenye wafu wao walikaa kimya kumsikiliza, wakiangalia asirukwe mtu.

Basi miaka michache iliyopita wakaja Tororo watu wenye mashine ya kunasa nyimbo, mzungu mmoja na karani wake kutoka Nairobi. Walitaka nyimbo za Kiswahili, zieleweke pande zote mbili za mpaka. Siku hiyohiyo niliwasha lori nikaenda Petta.

"Mkwe, sahani moja ya santuri inachukua dakika tatu," nikamwambia.

"Dakika tatu ni kitu gani?"

"Ni kama mtu kwenda kujisaidia akarudi."

"Mswahili, miaka yangu yote hiyo nitaitia wapi?"

Siku nne tulikaa nyuma ya jiko lake tukiupunguza. Yeye anasema ubeti kwa Kidhopadhola, lugha yake, ananieleza, mimi nauweka kwa Kiswahili cha barabarani, kisha naupima kwa saa yangu ya mkononi, saa nzuri kabisa. Ukiwa mrefu, tunautoa. Lakini hakukubali kutoa ubeti hivihivi. Kila aliyeondolewa alimtaja kwanza kwa jina, akamwambia, "Nisamehe, huku mashineni hakuna nafasi, nyumbani nitakuimba." Wengine walikuwa wajomba zake, akawaeleza kirefu. Nilingoja. Kungoja nakujua, nimengoja mizigo maisha yangu yote.

Kiitikio nilikitunga mimi, na hilo hata yeye hakatai:

*Enyi miaka, mnapita na mizigo,*
*simameni mtuambie mmembeba nani.*

Maneno hayo hayafundishwi shuleni. Hayo anayajua mtu aliyekaa ukingoni mwa barabara.

Ubeti mmoja alisema hautoki. Ulikuwa wa mke wake wa kwanza, aliyekufa mwaka wa njaa. Walikuwa wameoana karibuni, mtoto hawajapata. Kiwanja alimozikwa kilichukuliwa na shamba la watu wengine, picha hakupigwa, wazazi wake walikuwa wamekwisha fariki. Aliyemjua kwa sura alibaki huyu mume peke yake.

*Mwaka wa njaa alinimegea muhogo wake,*
*akasema ameshiba, nami nikaamini.*

Kisha linafuata jina lake na jina la baba yake.

"Huyu nikimtoa, Bwana Lori," akasema, "siku nikifa mimi amekufa tena."

Sikubishana. Ila nami nilikuwa na ubeti wangu. Niliona ni haki lori langu liingie, kwa kuwa katika barabara ya Busia lilikuwa lori la kwanza la mtu mweusi, na mwaka ule ulistahili kuitwa mwaka wa lori. Yeye akasema haya, liingie. Tukapima yote: dakika tatu kasoro kidogo. Yeye akampanga mkewe mwisho, kwa heshima.

Chumba cha kunasia kilikuwa stoo ya duka moja pale Tororo. Madirisha yalifunikwa mablanketi, kuku wamefukuzwa, ndani joto la tanuri ya mkate. Karani alitueleza: taa nyekundu ikiwaka, anzeni, ikizima, sahani imejaa. Mkwe akaketi na tongoli yake, taa ikawaka, akaanza kuvuta nyuzi. Akavuta. Akavuta tena. Hapo nikaitazama saa yangu. Kule Petta tulipima maneno, tukasahau vidole! Yeye hawezi kufungua kinywa kabla nyuzi hazijamwita, na kati ya ubeti na ubeti lazima azungumze nazo kidogo.

Ukaja mwaka wa reli, ukaja wa nzige, ukaja wa lori langu, ukapigwa vizuri sana. Akafika "Mwaka wa njaa," na taa ikazima.

Aliimba mpaka mwisho vilevile, mashine imesimama. Hakuna aliyemkatiza.

"Imebaki sahani moja tu," karani akasema. "Mzungu anasema ondoeni ubeti mmoja, au tumwite mwingine."

Mkwe hakuniangalia. Alikuwa anakaza uzi ambao haukuwa umelegea. Nilijua ananisubiri mimi niseme, na nilijua nikinyamaza atamtoa mkewe, kwa sababu lori ni langu na ni mimi niliyemleta pale. Nilinyamaza kidogo. Sitadanganya, nilinyamaza.

Kisha nikasema, "Toa lori."

"Una hakika, Bwana Lori?"

"Toa kabla sijarudi nyuma."

Mara ya pili alizigusa nyuzi kidogo tu, akamweka mkewe katikati, pasipo na hatari. Akamwimba kwa utaratibu, jina lote. Akamaliza beti zote, na taa ikawa bado inawaka! Karani akazungusha kidole hewani: endelea, nafasi ipo. Mimi nikamwonyesha usukani kwa mikono miwili, kama mwendawazimu. Aliniona vizuri kabisa. Akaendelea kuvuta nyuzi tu, taratibu, mpaka taa ikazima.

Nje nikamkabili. "Nafasi ilikuwepo, Mkwe! Kwa nini hukulitia?"

"Lori si lile pale?" akasema. "Kila mtu analiona."

Njia nzima mpaka Petta sikukwepa shimo hata moja. Alipoteremka alinishukuru kwa Kiswahili, kisha kwa lugha yake, kisha tena kwa Kiswahili.

Sahani ilipotoka niliisikia mahali pengi, lakini iliyonigusa ni siku moja Busia, katika hoteli ya chai karibu na kizuizi cha forodha. Santuri hawakuwa nayo. Mama mmoja alikuwa anaosha vikombe, anaimba mwenyewe: *akasema ameshiba, nami nikaamini,* kisha jina, kisha jina la baba.

"Mama," nikamwambia, "wimbo huo nimeutunga mimi."

"Haya baba, nami nimejenga reli. Chai ya maziwa au ya rangi?"

Wiki hiyohiyo nilipita Petta. Nilimkuta Mkwe anapalilia pamba, nikamwambia niliyoyasikia.

"Jina alilitaja?"

"Alilitaja."

"Na la baba yake?"

"Na la baba yake."

Akaegemea mpini wa jembe, akatazama chini. Lori nilikuwa nimeliacha linanguruma barabarani na mzigo wa watu juu yake.

"Niambie tena," akasema. "Anza pale ulipoingia hotelini."

Nikaenda nikazima injini, nikarudi, nikaanza pale nilipoingia hotelini.