Harufu ya Embe Kwenye Chanja

Mwaka ule tulikula ming'oko asubuhi na jioni. Unga ulipanda bei, mchele ukawa wa wenye kazi bandarini, sisi wengine tukachemsha mizizi ya porini, chumvi na pilipili, maisha yakaenda. Ndio mwaka mjukuu wangu alipokuja kukaa nami Chuno asome kidato cha tatu. Mama yake alibaki Newala na mikorosho yake.

Mimi na yeye tukiitana mke mwenza, kama bibi na mjukuu wanavyotaniana kwetu. Mume tuliyemgombania ni marehemu babu yake. Akichelewa shule namuuliza, "Mke mwenza, mzee umemficha wapi?" Ananijibu, "Kakukimbia, unanuka samaki." Kweli nanuka. Nakausha samaki kwa moshi juu ya chanja ya miti, nayo imenilelea watoto wote, na sijawahi kumpigia mtu hodi ya kuomba.

Siku hiyo, mwezi wa saba, nilimwambia apulize moto chini ya chanja. Zamani pumzi yake moja iliamsha kuni mbichi. Akapuliza, akakohoa, akakaa chini ameshika kifua, na kutoka kwenye pindo la kanga yake kikadondoka kidude chekundu mfano wa kidole. Nikakiokota. Kinanuka embe. Embe gani, na miembe ndiyo kwanza inatoa maua?

"Nini hiki?"

"Vepu, bibi. Sigara ya umeme. Ila si moshi, ni mvuke tu. Wenzangu wote wanavuta."

"Wenzako wote wakiharisha, nawe utaharisha?"

Akacheka kidogo. "Una wivu, mke mwenza. Nipe."

Nikakifunga kibindoni. Tangu hapo sikukaa kitako. Nikageuza samaki ambao hawajaiva upande wa kwanza, nikafagia uwanja uliokwisha fagiwa, mwisho nikaenda kwa jirani yetu nesi nikamwonyesha. Akasema vingi vya namna hii vina sumu ileile inayomfunga mvuta tumbaku, na harufu ya tunda ni chambo cha watoto. Nikarudi mbiombio, kile kidude kinanikwaruza kiunoni kama kaa aliye hai.

Nikamkuta anapekua vikapu vyangu vya samaki.

"Kama ni mvuke tu," nikasema, "mbona mvuke wa wali hujautafuta hivi?"

Akafunika kikapu.

"Kaa hapa. Moshi unamfaa samaki kwa sababu samaki amekwisha kufa. Wewe hujafa. Babu yako alivuta misokoto ujana wake wote, na mwisho wake hukuuona. Alikuwa halali, anaketi kitandani, akijinyoosha anazama kama aliyetupwa baharini. Kafa ameketi. Tulimnyoosha sisi."

"Hiyo ilikuwa sigara, mke mwenza."

"Mjukuu wangu," nikamwita.

Akashtuka. Kwetu bibi hamwiti hivyo mke mwenzake usoni, ila pana msiba au ugonjwa. Utani ulikuwa umekwisha, naye akajua. Machozi yakamjaa machoni.

"Bibi, kichwa kinaniuma. Nikikikosa hata kusoma siwezi. Nivute mara moja tu, kesho naacha."

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Mtoto ana kifua chake mwenyewe, anaomba pumzi kwenye kidude. Na mkono wangu, maana nampenda, ulikwenda kibindoni wenyewe. Nikakaza fundo.

"Sikupi. Kasirika, lia, rudi Newala, sikupi."

Akakasirika. Akalia. Akasokomeza nguo zake kwenye mfuko, akasimama mlangoni akingoja nimwite. Sikumwita. Moto ulikuwa unafifia, nikainama nikapuliza mwenyewe, nikanyanyuka, nikazunguka chanja, nikainama tena. Nilipomtazama alikuwa amekaa kizingitini, mfuko mapajani.

"Bibi, nipe."

"Sikupi. Kasirika, lia, rudi Newala, sikupi."